Harusi ya watu 300 inahitaji sahani ngapi?

Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi Dar es Salaam hufunguliwa kwa sala. Watu wanajitambulisha, wanachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, halafu mtu wa upande wa bwana harusi anauliza, "Tunatarajia watu wangapi?" Jibu karibu kila mara ni la jumlajumla: mia mbili, mia tatu, mia tano. Namba hiyo ndiyo inayokwenda kwa mwenye ukumbi, kwa mpishi, kwa mchapaji wa kadi na kwa mpambaji, na hakuna anayeirudia mpaka wiki ya mwisho. Kwangu mimi kazi ya mratibu inaanzia hapo: kuichukua namba ya mdomoni na kuigeuza kuwa watu wenye majina, fedha zilizokwisha kuingia na sahani zitakazopakuliwa.

Tuchukue hiyo harusi ya watu 300. Tuseme wiki mbili kabla ya siku yenyewe katibu anafungua daftari na kukuta waliomaliza michango wana kadi za dabo 90, yaani watu 180, na kadi za mtu mmoja 80. Jumla 260. Kamati inafurahi kwamba bado kuna nafasi 40. Sasa ongeza meza kuu, yaani maharusi, wasimamizi wao na wazazi wa pande mbili: watu 12 pamoja na wale wajomba wawili wasioweza kukaa pengine. Ongeza wazee na ndugu waliotoka mkoani, ambao hakuna mwenye adabu atakayewadai kadi mlangoni: 25. Halafu lipo kundi ambalo kamati nyingi hulisahau kabisa, nalo ni watoa huduma. Mshereheshaji na msaidizi wake, DJ na mafundi wake, wapiga picha wanne, vijana wa mapambo wanaosubiri kufungua vitambaa usiku, walinzi, madereva wa msafara, wapiga tarumbeta. Hao nao 25 wanafika bila shida. Umeshafika 322, na hujahesabu mtoto hata mmoja.

Watoa huduma wale chakula kilekile cha wageni, na wale mapema, kwenye chumba cha nyuma, kabla bafe haijafunguliwa. Nasisitiza hili kwa sababu mpiga picha aliyeanza kazi saluni alfajiri hawezi kushika kamera kwa utulivu saa 5 usiku akiwa na njaa, na pia kwa sababu ni utu.

Mpishi apewe namba ya uhakika siku tatu kabla, kwa maandishi, pamoja na akiba ya asilimia 5 mliyokubaliana nani anailipia. Usimwambie "weka kidogo cha ziada". Kila mpishi ana maana yake ya kidogo.

Ahadi na fedha

Michango ndiyo nguzo ya harusi zetu. Lakini ahadi iliyoandikwa kwenye orodha ya WhatsApp ni nia njema tu mpaka ujumbe wa muamala usome jina la mweka hazina. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kamati kusaini mikataba kwa jumla ya ahadi. Ahadi zikiwa milioni 24 na zilizoingia ni milioni 15, bajeti yenu ni milioni 15. Hizo 9 zitaingia kwa sehemu, nyingine siku tatu kabla, nyingine baada ya harusi, nyingine hazitaingia kamwe.

Ninachopendekeza ni kuyapanga matumizi kwa tabaka. La kwanza ni vitu ambavyo bila hivyo hakuna shughuli: ukumbi, chakula, vinywaji, vyombo vya muziki na umeme wa akiba. Mikataba yake isainiwe mapema na malipo ya awali yatoke kwenye fedha za mwanzo. Tabaka la pili ni picha na video, mapambo, mavazi ya wasimamizi na magari. La tatu ni nyongeza: fataki baridi, skrini kubwa, mpiga saksafoni wa kuingilia, moshi wa sakafuni. Tabaka la tatu lisiguswe mpaka la pili limelipwa. Kamati nyingi huanza na la tatu kwa kuwa ndilo linalopendeza kwenye simu, kisha wiki ya mwisho wanapunguza kuku.

Namba ya kupokelea michango iwe moja, na jina lililosajiliwa liwe la mweka hazina mwenyewe. Namba mbili zikitumika, lazima kuna mtu atakayeapa ametuma na jina lake halionekani popote. Makato ya kutoa na kuhamisha fedha yawekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, maana kwa miamala mia mbili na zaidi yanafikia bei ya kitu cha kueleweka. Jumla ikielekea kupita milioni kumi, fungueni akaunti ya benki ya watia saini wawili, mmoja kila upande. Orodha ya waliotoa itumwe mara mbili kwa wiki. Ikitumwa kila siku watu wananyamazisha kundi, na ikitumwa mara moja kwa mwezi wanasahau.

Wekeni pia siku ya mwisho ya kutoa kadi, walau siku kumi kabla. Atakayemaliza mchango baada ya hapo bado ni mgeni wenu na aje, ila jina lake liingie kwenye orodha ya mlangoni badala ya kurudisha kadi mtamboni. Kadi za kidijitali zenye msimbo wa kuskani zimesaidia sana dhidi ya wazamiaji, kwa sharti moja: kadi ya dabo ihesabu watu wawili halafu ikatae. Mjaribu kabla. Kadi moja ya dabo iliyopigwa picha na kusambazwa inaweza kuingiza watu sita kama anayeskani anatazama jina tu bila kutazama kama imeshatumika. Mlangoni wawepo wanne: wawili wa kuskani, mmoja wa orodha ya karatasi kwa ajili ya simu zilizozima, na mmoja anayewafahamu ndugu wa pande zote kwa sura.

Kwenye bei, muulize kila mtoa huduma swali moja: hiyo ni pamoja na VAT au bado? Kwa Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Kwenye ankara ya milioni 6 tofauti yake ni shilingi 1,080,000, na mara nyingi kamati huigundua siku ya kulipa salio.

Tarehe nayo ina hesabu zake. Kwaresima na Ramadhani hufunga miezi, na zikigongana kama mwaka 2026, ambapo Jumatano ya Majivu ni 18 Februari na Ramadhani inaanza wiki hiyohiyo, kila mtu anakimbilia Januari au baada ya Pasaka na Idi. Baada ya Pasaka ni masika, mvua ya Machi hadi Mei. Desemba ina ndugu wote mjini lakini ina mkia wa vuli na bei za juu. Na kabla ya kuchapa chochote, hakikisheni taarifa ya ndoa imekwenda: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka siku zisizopungua 21 kabla ya kufungwa.

Saa zinapoliwa

Ukumbi unafungwa saa 6 usiku. Kadi inasema saa 12 jioni. Maharusi wanaingia saa 3, chakula kinafika saa 4 na robo, na muziki wa kucheza haupati hata dakika kumi. Watu hulaumu foleni ya Bagamoyo au ya Mandela, na ni kweli Jumamosi jioni barabara hizo hazina huruma. Lakini ukifuatilia kurudi nyuma, ucheleweshaji mwingi ulizaliwa saluni asubuhi.

Fanya hesabu. Misa ni saa 8 mchana, kwa hiyo bibi harusi atoke saluni saa 7:15. Mpambaji ni mmoja. Bibi harusi anachukua saa mbili, nywele na uso. Matroni dakika 45. Wasindikizaji wanne, kila mmoja dakika 40, ni saa mbili na dakika 40. Jumla saa tano na dakika 25. Maana yake brashi ya kwanza inatakiwa kugusa uso saa 1:50 asubuhi, na ukiacha nafasi ya kupumua, saa 1:30. Wengi hufika saluni saa 4 wakiamini wamewahi. Hapo tayari mmepoteza zaidi ya saa mbili, na hakuna dereva atakayezirudisha.

Dawa zake ni mbili. Ama wapambaji wawili, ama kuanza alfajiri. Na bibi harusi asiwekwe wa mwisho. Akiwa wa mwisho, kila dakika iliyopotea kwa wengine inamwangukia yeye. Mweke wa tatu au wa nne kwenye mstari. Wakati wasindikizaji wa mwisho wanamalizwa, yeye anavaa. Gauni la kamba mgongoni linakula nusu saa kwa mtu asiyelizoea, kwa hiyo matroni ajaribu kulifunga siku moja kabla. Kwenye mkoba wa matroni kuwe na pini za usalama, uzi mweupe na sindano, wanja, kitambaa cha kufuta jasho, bandeji za vidole, kandambili, chaja ya kubeba na chupa ya maji yenye mrija.

Shughuli za Kiislamu zina nidhamu yake hapa. Nikahi ikipangwa baada ya sala ya Alasiri, wakati umeshawekwa na adhana, na walima ya mchana huanza na kwisha bila mivutano mingi. Hesabu yake ya chakula pia ni nyingine: sinia moja la biriani au pilau kwa watu watano, kwa hiyo wageni 300 ni masinia 60, mchele kilo moja kwa sinia ukiwa umekadiria vizuri. Kinachosahaulika ni spika za upande wa wanawake. Khutba inasikika kwa wanaume, na kina mama, mabibi na mashangazi wamekaa upande wa pili wanaulizana kama ndoa imeshafungwa. Spika mbili ndogo na waya mrefu vinatosha.

Turudi ukumbini jioni. Jumlisha ratiba ya kawaida: kuingia kwa kamati na wazazi dakika 15, kuingia kwa maharusi 15, sala na utambulisho 20, keki 15, shampeni 10. Hiyo ni saa moja na robo kabla ya sahani ya kwanza. Ongeza chakula dakika 45, zawadi saa nzima, nasaha na shukrani 20. Unapata saa tatu na dakika 20 bila wimbo hata mmoja wa kucheza. Mkianza saa 1:30 usiku, mnamaliza saa 4:50 na mna zaidi ya saa nzima ya kusakata. Mkianza saa 3, mnapita saa 6 na mwenye ukumbi anazima taa, tena ana haki, kwa sababu majirani wanaweza kumlalamikia kwa mamlaka ya mazingira kuhusu kelele.

Kwa hiyo muwe na saa ya chakula isiyosogea. Mimi huipenda saa 2:45 usiku. Ikifika, chakula kinafunguliwa hata kama keki haijakatwa. Keki inasubiri vizuri tu. Kinachokatwa ni utambulisho: kila upande mtu mmoja, majina yasiyozidi kumi, ukoo mwingine usimame kwa pamoja na kupigiwa makofi. Mshereheshaji apewe karatasi yenye dakika mbele ya kila kipengele, na awepo mtu mmoja wa kumwonyesha saa akiwa amesimama mahali anapoonekana. Ratiba yenye vipengele bila dakika haimsaidii mtu. Na saa 1 jioni wageni waliowahi wapate vitafunwa mezani, sambusa mbili na karanga, maana mgeni aliyekaa toka saa 12 na njaa yake ndiye atakayevamia bafe.

Bafe

Kiasi kwanza. Kwa watu 322 na bafe yenye wali, pilau, ndizi na nyama mbili, mchele gramu 120 kwa mtu ni kilo 39, nunua 40. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa gramu 200 mbichi kwa mtu ni kilo 65. Kuku mmoja akikatwa vipande vinane, kipande kimoja kwa kila mgeni na robo ya wageni wakichukua viwili, ni vipande 402, yaani kuku 51. Soda tatu kwa mtu katika shughuli isiyo na pombe ni chupa 966, na kreti ina chupa 24, kwa hiyo kreti 41. Barafu nusu kilo kwa mtu, kilo 161. Barafu ichanganywe na maji kwenye mapipa. Chupa iliyozungukwa na maji ya barafu inapoa haraka kuliko iliyofukiwa kwenye mabonge makavu, kwa sababu maji yanaigusa pande zote.

Sasa mstari. Mgeni anatumia kama sekunde 15 mbele ya chombo kabla wa nyuma yake hajasogea, yaani wanne kwa dakika. Meza moja ya upande mmoja kwa watu 300 ni dakika 75. Ndiyo maana meza za nyuma hula wakati wa zawadi. Meza mbili zinazopakuliwa pande zote zinakupa mistari minne, na watu walewale wanamaliza kwa dakika kama 20. Gharama inayoongezeka ni vyombo vya kuwekea maji ya moto na wahudumu wawili watatu, na sijaona fedha inayofanya kazi vizuri kuliko hiyo.

Kinachokwamisha mstari ni kuku. Watu wanatafuta paja. Mweke mhudumu mwenye koleo anayepakua kuku na nyama mwenyewe, na avitangulize vipande vya juu bila kuchimba chini. Kuku na nyama vikae mwisho wa mstari, sahani ikiwa imeshabeba wali. Kachumbari, pilipili na matunda vitengewe meza pembeni. Uma na tishu viwe mezani kwa wageni tangu mwanzo, maana mtu mwenye sahani, uma na mkoba hana mkono wa kupakulia. Mshereheshaji aite meza tatu tatu, akianza na wazee, na ahakikishe meza ya mwisho kuitwa inapata chakula kilekile cha ya kwanza: nusu ya kuku ibaki jikoni mpaka nusu ya meza zimeshakula.

Hatari kubwa kuliko kuisha kwa chakula ni kuchelewa kwake. Shirika la Afya Duniani linasema chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Tazama sasa harusi yetu. Mpishi anamaliza kupika nyumbani kwake Kinondoni saa 9 alasiri kwa sababu aliambiwa wageni wanakula saa 1. Anapakia kwenye masufuria yaliyofunikwa, anakwenda Mbezi, anasubiri. Chakula kinaliwa saa 4 na robo. Wali umekaa vuguvugu saa saba. Kuna bakteria wa wali, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka; wali ukikaa vuguvugu wanazaliana na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha moto tena haiondoki. Dakika zilizopotea saluni zinakuja kulipwa na matumbo ya wageni.

Ndiyo maana mpishi awe na namba ya mtu aliye kwenye msafara, na apigiwe simu mara mbili: msafara unapotoka kanisani na unapofika sehemu ya kupiga picha. Wali na ndizi vipikwe vya mwisho. Kama ukumbi una jiko, pilau ipikwe palepale. Kama hauna, majiko ya gesi mawili nyuma ya ukumbi yanaokoa mengi. Kipimajoto cha kuchomeka kwenye chakula ni bei ndogo na kila mpishi wa shughuli anapaswa kuwa nacho mfukoni.

Umeme, milango na vitambaa

Jenereta la kVA 30 linatoa kilowati 24 hivi, na si vizuri kulipandisha zaidi ya asilimia 80 ya hapo, yaani 19. Kwa kilowati, spika zinakula 6, taa za mapambo 5, skrini 4, friji za vinywaji 2, birika kubwa la umeme la chai 3: umefika 20 na viyoyozi vya ukumbi hujavigusa. Uliza mapema viyoyozi viko kwenye jenereta la nani. Mafuta nayo: jenereta la ukubwa huo likifanya kazi kwa nguvu hunywa lita 6 hivi kwa saa. Kwa saa saba ni lita 42, kwa hiyo dumu moja la lita 20 halifiki hata kwenye keki. Liwashwe saa 10 jioni kwa nusu saa na mzigo wote ukiwa juu yake. Kuwashwa bila mzigo hakuonyeshi kitu.

Birika la chai lisiwe kwenye waya mmoja na vyombo vya muziki. Mhudumu anawasha maji, swichi inaruka, ukumbi mzima unasikia kimya katikati ya nasaha ya baba mzazi. Mikisa ya kidijitali, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, ikizimika huchukua muda kuamka hata kama umeme umekatika kwa sekunde kumi tu, kwa hiyo UPS ndogo ya kVA 1, yaani betri ya akiba, iishike hiyo mikisa na vipokezi vya maiki peke yake. Betri za maiki zibadilishwe kabla ya maharusi kuingia na tena kabla ya nasaha.

Kuhusu mapambo, swali la kumuuliza mwenye ukumbi ni moja: mchana huo kuna shughuli nyingine? Kama ipo, mpambaji ataukuta ukumbi saa 9 alasiri. Kuvisha kiti kimoja na kufunga utepe ni dakika moja kwa mtu mzoefu, kwa hiyo viti 300 ni saa tano kwa mtu mmoja na saa moja kwa watu watano, na bado dari, jukwaa na meza. Aje na watu wangapi iandikwe kwenye mkataba.

Meza ya duara ya futi 6 inakalisha kumi, ya futi 5 inakalisha wanane. Kwa kula mezani kadiria mita za mraba 1.2 kwa mtu: wageni 300 ni mita 360 kabla ya jukwaa, bafe na uwanja wa kucheza. Ukumbi wa mita 20 kwa 20 unaotangazwa kuwa wa watu 400 unawachukua wakiwa kwenye viti vilivyopangwa mistari kama mkutanoni. Harusi ikifanyika chini ya mahema ya kuunganisha, pale hema mbili zinapokutana lazima kuwe na mfereji wa turubai, la sivyo mvua yote inamwagikia meza za katikati.

Na kuna jambo moja ambalo naomba lichukuliwe kwa uzito wote. Wapambaji hupenda kuta ziwe nyororo, hivyo hufunika kila kitu kwa vitambaa, pamoja na milango ya dharura. Zunguka ukumbi saa 11 jioni, gusa kila mlango wa kutokea kwa mkono wako, usukume. Kama umefunikwa, kitambaa kifunguliwe. Kama umefungwa kwa kufuli, ufunguo uletwe na kufuli iondoke. Meza ya DJ na masanduku yake yasikae mbele ya mlango. Mishumaa ya moto halisi iwe ndani ya glasi yenye ukingo unaoupita mwali, mbali na vitambaa vinavyoning'inia. Taa ndogo za betri ni bora zaidi. Vizimamoto viwili vionekane, na mshereheshaji aitaje milango hiyo anapowakaribisha wageni, sekunde kumi tu. Ukumbi una watu mia tatu, watoto wakiwemo, na wazee wanaotembea kwa mkongojo. Urembo wa picha hauwezi kushindana na hilo.

Zawadi na kufunga

Zawadi hula muda kwa sababu kila kundi linakuja na wimbo wake. Orodha ya makundi na nyimbo zao iwe kwa DJ siku mbili kabla. Bila hivyo kila kundi linakuja na simu, na simu haina waya wa kuunganishia. Friji, kitanda na makochi yabaki yalipo, ipelekwe mbele bahasha yenye picha yake. Sanduku la bahasha liwe na kufuli, lifunguliwe na watu wawili, mmoja kila upande, bahasha zihesabiwe usiku uleule na wote waweke saini. Lisilale kwenye buti la gari la mtu yeyote.

Kikao cha kuvunja kamati kisichelewe zaidi ya wiki mbili. Katibu asome ahadi zilizokuwepo, zilizoingia, matumizi kwa kila kipengele na risiti zake, na madeni. Kreti tupu ziwe zimerudi: 41, chupa 24 kila moja, kwa sababu duka linadai kila chupa iliyopungua, na vijana wa usafi wa ukumbi huziondoa asubuhi mapema kama hakuna aliyeachiwa kazi ya kuzihesabu. Dhamana ya ukumbi idaiwe kwa maandishi, pamoja na picha za sakafu na kuta mlizopiga mlipokabidhiwa na mlipoondoka. Salio la mpiga picha lilipwe siku albamu na video zinapokabidhiwa, tarehe hiyo iwe kwenye mkataba tangu mwanzo, na anayeifuatilia awe mjumbe wa kamati, asiwe bibi harusi.